Ondoleo Haliondoi Deni

Jumatano ya Majivu si sikukuu ya amri, lakini katika parokia yetu hapa Nakuru misa ya alfajiri hujaa kuliko Jumapili nyingi. Watu wa boda boda huja wameshika helmeti mkononi, mama mboga huacha magunia yao mlangoni. Hata wasiopokea Komunyo hujipanga, kwa maana majivu hayanyimwi mtu. Ni majivu ya matawi yetu wenyewe, yale tuliyoyapunga Jumapili ya Matawi mwaka uliopita, tukayachomeka nyuma ya msalaba ukutani, kisha tukayarudisha kanisani yakachomwa. Somo la siku hiyo ni la nabii Yoeli: "Rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu."

Tukitoka nje mazungumzo huwa ni hayo hayo: wewe mwaka huu unaacha nini? Mmoja anaacha nyama, mwingine soda, mwingine chai ya sukari. Mimi nafunga, na naamini kufunga kunasaidia. Lakini nimefika mahali siwezi tena kuuliza ninaacha nini kabla sijajiuliza ninarudisha nini.

Swali hilo lilitoka kwa Mama. Kila Kwaresima Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, na jumuiya ndogo ndogo hukijadili wiki baada ya wiki. Mwaka jana, jioni moja tukiwa kwa jirani, mazungumzo yakafika kwenye maridhiano, na mzee mmoja ninayemheshimu akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watu wakaitikia. Mama hakuitikia. Tulipokuwa tukirudi nyumbani gizani akaniuliza, "Unaikumbuka ile cherehani?"

Naikumbuka vizuri. Iliingia kwetu mwishoni mwa Januari 2008, siku Nakuru ilipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Tulikuwa tukikaa Kaptembwo. Jirani yetu alikuwa fundi wa sare za shule, na usiku huo yeye na mumewe waliibeba ile cherehani ya miguu hadi mlangoni petu. Alimwambia Mama, "Dada, niwekee hii. Nikipata pa kukaa nitaifuata." Kulipokucha walikuwa wameshaenda kwenye uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya wengine, na baadaye wakapanda basi la kwenda Kisumu. Mwaka huo Majivu yaliangukia tarehe 6 Februari, na kuna Wakenya walioyapokea wakiwa kwenye mahema. Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 mwezi huo huo, Kwaresima ikiendelea. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na zaidi ya laki sita wamehama makwao.

Mama hakuiba. Aliwekewa. Mwaka ulipopita bila habari, akaanza kuitumia kidogo, kisha kila siku. Akazirithi hata oda za sare. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye cherehani ile, nami nilijua ni ya nani. Ilipochakaa akamuuzia fundi mmoja wa mtaani, na pesa zikaliwa. Miaka yote hiyo tulipanga foleni ya kitubio kabla ya Pasaka, tukaungama hasira, uvivu na maneno ya umbea. Cherehani haikutajwa. Kila mtu nchini alikuwa amepoteza kitu, kwa hiyo tukajiambia kwamba hesabu zimefutana.

Hazikufutana. Katekisimu ya Kanisa, namba 1459, inalisema wazi: aliyemkosea jirani anapaswa kufanya awezalo kurekebisha, ikiwa ni pamoja na kurudisha kilichoibwa. Ondoleo la padri linaondoa dhambi, deni linabaki palepale. Zakayo hakuhitaji kufundishwa hilo. Alisimama mbele ya Yesu akataja hesabu: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Sisi tunampenda Zakayo wa mkuyuni, tunamwimbia na watoto, kisha tunafunga Biblia kabla hajafika kwenye mara nne.

Na taifa limetuiga, au sisi tumeliiga. Tarehe 26 Machi 2015, siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa maovu ya miaka mingi, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya walioumizwa. Radhi ile ilinitoa machozi, sikatai. Lakini miaka ilipita waathiriwa wakiendelea kuuliza mfuko uko wapi. Methali ya yaliyopita si ndwele ni nzuri ikisemwa na aliyeumizwa. Ikisemwa na mwenye cherehani ya mtu nyumbani kwake, ni kujifunika.

Nilimpinga Mama mwanzoni. Nilimwambia tutamfufulia mwenzetu machungu ili sisi tulale usingizi, na bado nafikiri hatari hiyo ipo: unaweza kwenda kutubu kwa mtu na kumbe umekwenda kumwomba akubembeleze. Mama alisema tutapeleka pesa na hatutaomba kitu.

Kumtafuta kulichukua majuma mawili, simu moja ikituelekeza kwa nyingine. Tukapanda matatu hadi Kisumu, kupitia Kericho na Ahero, Mama amefunga shilingi 20,000 kwenye ncha ya leso. Tulimkuta soko la Kibuye akiuza omena. Alimtambua Mama kabla hatujasalimia. Mama alieleza yote akiwa amesimama: alivyoitumia, alivyoiuza, karo aliyolipa. Yule mama alihesabu pesa taratibu, akazitia kwenye aproni. Kisha akauliza, "Na daftari?"

Kwenye droo ya cherehani kulikuwa na daftari la vipimo vya wateja wake, na majina ya waliokuwa hawajamaliza kumlipa. Ndilo alilokuwa akilifikiria miaka yote hiyo.

Mama alinyamaza, halafu akasema, "Tuliliwashia jiko."

Mteja akaja, akahudumiwa. Akaja mwingine. Tuliketi kwenye benchi lake mpaka jua likapungua. Alituuliza nani bado anaishi mtaani, akatuambia mumewe alifariki 2011. Hakusema ametusamehe, nasi hatukumwuliza. Wakati wa kuondoka Mama alinunua gorogoro mbili za omena, na akalipa bei ya wateja wote.

Tulipokaribia Kericho, Mama alinigusa bega akaanza kunitajia watu ambao sare za watoto wao zilishonwa kabla ya Januari ile. Nikatoa simu nikawa naandika. Tulipoingia Nakuru tulikuwa na majina kumi na moja.