Bonyeza Enta Tu, Mzee

Mimi ni mtu wa skrini nyeusi tititi. Tangu nianze kuandika programu sijawahi kufungua terminali (lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri) nyeupe kwa hiari yangu, na nikiikuta kwa mtu mwingine nafumba jicho moja kama niliyemulikwa tochi. Lishike hilo, maana ndilo lililonifikisha pabaya.

Kazini niliandika kiprogramu cha mstari wa amri, nikakiita Fagio. Kazi yake ni kuzunguka kwenye folda, kukusanya faili ambazo hazijaguswa kwa siku 90, kisha kuzifuta. Kufuta kwenyewe kulikuwa mistari kumi na moja ya kodi. Rangi ndizo zilizonila wikiendi nzima. Majina ya folda niliyapa zambarau, kisha nikayanyang'anya. Onyo nililipa namba 93, njano inayong'aa. Jamani, ile njano! Iliwaka kwenye giza la skrini yangu kama taa za gari. Niliitazama weee, nikamwita na mwenzangu aje aitazame.

Chini ya onyo, kwa njano hiyohiyo, niliweka swali: "Endelea? (N/h)". N kubwa, maana yake ukibonyeza Enta bila kuandika kitu umehesabiwa umesema ndiyo. Nilidhani nawapunguzia watu kazi ya kuandika herufi moja.

Mkuu wa kitengo chetu, ambaye sote tunamwita Mzee, akakiomba. Nikampelekea, kifua mbele. Hazikupita dakika kumi, simu ikalia.

"Kijana, hiki kifagio chako kimezimia."

"Kimezimia vipi, Mzee?"

"Kimeandika 'Natafuta', kikaandika 'Nimepata', basi. Kimya. Kuna kamstari kanapepesa tu."

"Huoni maandishi ya njano?"

"Hakuna njano hapa."

"Angalia vizuri Mzee, mistari ya chini kabisa."

"Nimevaa miwani, kijana."

Nikajua nimekutana na yale mambo ya wazee na kompyuta. Nikavuta ile sauti ya upole wa uongo, ambayo sisi watu wa kompyuta huwawekea wale tunaodhani hawajui kitu, nikamwambia: "Bonyeza Enta tu, Mzee."

Akabonyeza.

"Naam, kimezinduka," akasema, ametulia kabisa. "Kinaandika 'imefutwa, imefutwa, imefutwa'. Ni nini hicho kinachofutwa?"

Ngazi nilizipanda tatu tatu. Nikafika nikahema mbele ya terminali nyeupe pepepe. Palipopaswa kuwa na onyo langu palikuwa na uwazi wa mistari miwili, safi, kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Nikachukua kipanya, nikabonyeza na kukokota juu ya ule weupe, kama mtu anayeteua maneno ya kunakili. Maandishi yakachomoza. Mzee akasogeza miwani, akaweka kidole kwenye kioo na kusoma neno moja moja kwa sauti:

"ONYO. Faili. 412. Zitafutwa. Hazitarudi."

Akanyamaza kidogo. "Hazitarudi," akarudia.

Ndani ya zile 412 mlikuwa na rasimu zake za mwongozo alioufanyia kazi miaka miwili. Tuliokolewa na nakala ya akiba ya usiku uliotangulia. Ilichukua saa nne kurudisha, na saa zote nne Mzee alikaa kiti cha nyuma yangu, haongei.

Baada ya hapo ndipo nilipopiga hesabu ambayo ilipaswa kupigwa kabla. W3C, wale wanaoandika miongozo ya tovuti, wanataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa mng'ao angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hupata 21, na huo ndio mwisho wa kipimo. Njano kamili juu ya nyeusi, 19.6. Njano hiyohiyo juu ya nyeupe, 1.07. Moja nukta sifuri saba! Nilikuwa nimemwandikia mtu mzima kwa chaki kwenye ukuta wa chokaa, kisha nikamlaumu macho.

Tena hata hiyo ni kama terminali yake inatumia njano ninayoijua mimi. Ukituma Eskepu (herufi isiyoonekana, ile ya kitufe cha Esc), mabano ya mraba, 93 na herufi m, unaomba uchovyewe brashi kwenye kopo la namba hiyo. Ndani ya kopo mna nini, anajua mwenye terminali. Kwenye kompyuta za IBM za miaka ya 1980, kopo la njano isiyong'aa lilikuwa na kahawia, na watu waliishi hivyohivyo.

Basi, tutafute rangi nyingine. Nikaenda bluu, namba 34. Juu ya nyeupe bluu kamili ina 8.6, safi sana, Mzee akaisoma akiwa amesimama mlangoni. Nikarudi kwenye skrini yangu kushangilia. Sikuona kitu. Nikasogea, nikasogea tena, pua ikagusa kioo. Bluu hiyohiyo juu ya nyeusi ni 2.4 tu. Katika ile hesabu ya mng'ao, kijani hubeba karibu asilimia 72, nyekundu 21, bluu hubaki na 7. Kwa hiyo sasa Mzee alikuwa anaona onyo, na mwandishi wa onyo haoni.

Nikasema kijivu hakina adui. Namba 90. Jina lake rasmi ni "nyeusi inayong'aa", na mtu mwenye akili timamu angesitasita hapo. Kwangu ikasomeka, kwa Mzee ikasomeka. Nikaisambaza. Dada wa meza ya jirani akaniandikia ujumbe mfupi: "Fagio lako limeninunia." Kumbe terminali yake amevalisha Solarized ya giza, seti ya rangi iliyotoka 2011, na katika seti ile kopo la nyeusi inayong'aa mna rangi ileile iliyopakwa ukutani. Tofauti yao ni sifuri, kitu na kivuli chake. Heri yeye, hakupiga simu kuniuliza abonyeze nini.

Mtu mwingine hapo angeacha. Mimi nikaamua kuwa mjanja.

Terminali nyingi unaweza kuziuliza: nyuma yako kuna rangi gani? Unatuma alama fulani, nayo inajibu. Nikaona hii ndiyo dawa. Nikijibiwa weupe, natoa bluu. Nikijibiwa weusi, narudi kwenye njano yangu mpenzi. Nilichopuuza ni njia ambayo jibu hupitia. Linaingia kwa mlango uleule wa kibodi, kana kwamba kuna mtu ameliandika kwa vidole.

Na tangu yale ya Enta, nilikuwa naiogopa Enta yenyewe. Swali langu nikaligeuza lisome kitufe kimoja tu, papo hapo. Herufi h, tunaacha. Kitufe kingine chochote, tunaendelea. (Ndiyo, bado. Najua.) Zuri moja nililofanya ni kwamba faili sasa zilihamishiwa kwenye folda ya taka badala ya kufutwa.

Kwenye mashine yangu kila kitu kilikwenda kama maji. Mzee siku hiyo alikuwa ameingia kwenye seva kwa mbali, kwa mtandao wa kusuasua. Programu ikauliza rangi, ikasubiri sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikakata tamaa, ikachapa swali lake. Ndipo jibu la rangi likawasili, limechelewa lakini limejaa adabu, na herufi yake ya kwanza ni Eskepu. Eskepu si h.

Simu.

"Kijana, mimi sijagusa kitu."

"Mzee?"

"Nakuambia kabisa, mikono yangu iko juu. Kimeuliza, kikajijibu, kikafuta."

"Kuna kitu kimebaki kwenye skrini?"

"Kuna uchawi. Nikusomee? Mabano ya kufunga, kumi na moja, nukta mkato, r, g, b, nukta mbili, ef ef ef ef, mkwaju, ef ef ef ef, mkwaju, ef ef ef ef." Akapumua. "Kijana, hiki kitu kinanicheka."

Hakikumcheka. Ilikuwa terminali yake ikinijibu swali langu: nyuma ni nyeupe, nyeupe kamili, hakuna nyeupe kupita hii. Herufi ya kwanza ndiyo iliyosema ndiyo kwa niaba ya Mzee, zilizobaki zikamwagika kwenye mstari wa amri kama msomaji wa salamu aliyefika wageni wameshaondoka.

Nikavunja kila kitu. Onyo sasa halina rangi yoyote ya kwangu. Linatumia namba 39, yaani rangi ya maandishi ambayo mwenye terminali amejichagulia, na kama hiyo haisomeki kwake basi hasomi chochote humo ndani. Neno ONYO peke yake nimelipa namba 7, inayobadilishana rangi ya mbele na ya nyuma; kilichokuwa kinasomeka kinaendelea kusomeka, kimegeuzwa tu kama shati. Kijani na nyekundu zimebaki kwa mapambo, na aliyeweka NO_COLOR, yaani mpangilio wa kuziambia programu zisitoe rangi, hazioni kabisa. Ukitaka kufuta unaandika neno "futa" lote, herufi nne. Enta peke yake haifanyi kitu. Wikiendi nzima ya rangi ikaishia kwenye mistari mitatu.

Nikampelekea Mzee toleo jipya, nikapanda mwenyewe kusimama pembeni yake. Akaliendesha. Onyo likatokea, kubwa, jeusi, linasomeka kutoka dirishani. Akalisoma lote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akachukua kipanya, akakokota polepole juu ya sehemu yote iliyobaki nyeupe, kuanzia juu hadi chini. Siku hizi hufanya hivyo kwa kila programu, hata zisizo zangu.

"Nahakikisha tu," akasema.