Raku huvunjikia kwenye udongo, si kwenye moto

Chombo cha raku, ufinyanzi wenye asili ya Japani, kikipasuka, lawama zote huenda kwa moto. Mimi naona kosa huwa limeshafanyika siku nyingi kabla, wakati wa kukanda. Chombo hiki hutolewa tanuruni kikiwa chekundu, karibu nyuzi 1000, na kukutana na hewa papo hapo. Udongo laini mtupu hauhimili. Changanya sehemu nne za udongo na sehemu moja ya vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, punje za milimita 1 hadi 2. Punje hizo hupitisha mvuke na kuuzuia ufa mdogo usienee. Unene uwe sawa, milimita 6 hadi 8. Kitako kinene chini ya ukuta mwembamba hakichelewi kuachana nao. Anika kivulini wiki nzima au zaidi, kisha choma mara ya kwanza taratibu. Ukiharakisha joto kabla maji hayajaisha, mvuke utakilipua.

Kisha huja glezi, tabaka la kioo linalopakwa chombo kabla ya kuchomwa tena. Wapenzi wa vitu vya asili hutaka glezi ya majivu ya kuni tu. Haitayeyuka: majivu matupu hudai zaidi ya nyuzi 1200. Friti (kioo kilichoyeyushwa kisha kusagwa) yenye boroni iwe ndiyo sehemu kubwa, majivu yawe kidogo.

Moshi wa kukipaka weusi chombo cha moto nao una historia yake. Chojiro, mfinyanzi wa Kyoto, Japani, katika karne ya 16, alifinyanga mabakuli ya chai kwa mikono bila gurudumu, na hakuyafukia kwenye vumbi la mbao. Hilo lilianzia Marekani mwaka 1960, kwa mfinyanzi Paul Soldner. Ni ufundi wa aina mbili, kila mmoja unastahili heshima yake.

Ukifuata wa Soldner, subiri glezi ing'ae kama kioo kilicholowa, mapovu yakiwa yametulia. Vaa glavu za ngozi na nguo za pamba, kwa kuwa nailoni huyeyukia mwilini. Pipa la bati liwe nje, na vumbi la mbao kavu kabisa; likiwa bichi, mvuke wake unaweza kupasua chombo. Kwa glezi nyeupe, kiache hewani sekunde 15 hivi ili nyufa zijichore na moshi uzipake weusi. Kwa glezi ya shaba usisubiri hata kidogo: kitumbukize, funika, na usiguse kifuniko kwa dakika 20. Chombo hicho kiwe cha pambo, kisiwekewe chakula. Ukifunua mapema, hewa huingia na wekundu wote wa shaba hugeuka kijani.