Waliofukia panga na wana wao waliozishika

Katika Kitabu cha Mormoni, ambacho waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hukisoma kama maandiko pamoja na Biblia, habari ngumu kuliko zote kuhusu vita ni ile ya Waanti-Nefi-Lehi. Hawa walikuwa Walamani, mojawapo ya mataifa mawili yanayopigana katika kitabu hicho (jingine ni Wanefi), nao walimwaga damu nyingi kabla ya kuongoka. Walipotubu walifukia panga zao chini sana ardhini, wakafanya agano na Mungu kwamba hawatamwaga tena damu ya mtu. Ndugu zao walipowavamia, walitoka kuwalaki, wakajilaza chini na kuanza kuliitia jina la Bwana, na watu 1,005 wakauawa bila kuinua mkono. Wavamizi walipoona kwamba hawakimbii wala hawajikingi, wengi walichomwa moyoni wakatupa silaha, na walioongoka siku hiyo wakazidi waliouawa.

Wanaopinga vita vya kila namna hutua hapo. Wanaoona vita vya kujilinda ni halali humtaja Moroni, jemadari wa Wanefi aliyerarua koti lake na kuandika juu yake maneno ya kutetea Mungu, dini, uhuru, amani, wake na watoto, na hutaja kanuni iliyomo katika Alma 43, sura ya mojawapo ya sehemu za Kitabu cha Mormoni: asiye na hatia ya kosa la kwanza wala la pili asikubali kuuawa na adui zake. Ufunuo wa Agosti 1833 aliosema kuupokea Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, uliotolewa waumini walipokuwa wakiandamwa na makundi ya watu huko Missouri, unaibana zaidi ruhusa hiyo, kwa kuwa unataka mtu avumilie mara tatu kabla ya kujibu.

Naona pande zote mbili zinaipita haraka nchi ya Yershoni. Wanefi waliwapa Waanti-Nefi-Lehi, waliokimbilia kwao, ardhi hiyo na kuweka jeshi la kuwalinda, nao wakakubali kutoa sehemu ya mali yao kulilisha jeshi. Kwa hiyo agano lao la kutopigana lilisimama nyuma ya silaha za watu wengine, na anayelitumia kuwalaumu askari wote anasahau nani alikuwa akilinda mpaka. Vita vilipokolea walitaka kulivunja agano hilo, nao washike silaha; Helamani, kiongozi wa dini wa Wanefi, akawasihi wasifanye hivyo, akihofia wangepoteza nafsi zao. Ndipo vijana wao 2,000, ambao hawakuwa wameingia katika agano la wazazi, walipoweka agano lao wenyewe la kupigania uhuru. Nyumba moja ikawa na viapo viwili vinavyokinzana, na andiko linaheshimu vyote viwili. Kwangu hili ndilo linalokata mjadala wa kama vita ni halali kwa wote au ni haramu kwa wote: aliyejifunga kwa agano anadaiwa na agano lake, wala hawezi kumfunga jirani yake kwalo.

Hata hivyo kanuni ya kosa la kwanza haina wepesi unaodhaniwa, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kulijua hilo. Ukisimama Iringa, vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipoangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, ni utetezi mtupu wa nchi iliyovamiwa. Ukisimama upande wa Mbeya, unakumbuka kwamba kabla ya hapo Wahehe walikuwa wamewasukuma Wasangu wa mtemi Merere kutoka kwao hadi Utengule, na kwamba Merere akaja kuwaunga mkono Wajerumani. Nani alianza? Jibu linategemea unaanzia kuhesabu wapi. Kitabu cha Mormoni nacho kinasimuliwa na Wanefi, lakini kinakiri kwamba Walamani waliamini baba zao ndio waliodhulumiwa kwanza.

Ndiyo maana nampa Mormoni mwenyewe, jemadari wa Wanefi wa baadaye ambaye kitabu kinaitwa kwa jina lake, uzito kuliko Moroni. Wanefi waliposhinda, kisha wakaapa kulipiza kisasi, alikataa kabisa kuwaongoza, ingawa adui alikuwa yuleyule na silaha zilezile. Kilichobadilika kilikuwa nia, na nia ni kitu ambacho jeshi lenyewe linaweza kukichunguza bila kusubiri wanahistoria. Baadaye alitubu kiapo chake cha kutowasaidia, akarudi kuwaongoza bila tumaini. Wapo wanaoona hapo kwamba viapo havina nguvu. Mimi naona tofauti: Waanti-Nefi-Lehi walimwahidi Mungu kwa ajili ya damu waliyoimwaga wao wenyewe, ilhali Mormoni aliapa kwa sababu ya uovu wa watu wengine, na watu hao, waovu au wema, walikuwa bado wanachinjwa.