Hasira za Kijana Aliyefiwa: Msiba au Maradhi?

Chukua kijana wa miaka 15 wa Kibirizi, mjini Kigoma, ambaye baba yake alifia ziwani katika uvuvi wa dagaa miezi minne iliyopita. Matanga yameanuliwa, arobaini imesomwa, ndugu wamerudi makwao. Ndipo kijana anapoanza kumjibu mwalimu kwa ukali na kupigana darasani. Wiki mbili hivi halali usiku, kisha anatulia siku kadhaa, kisha yanaanza upya. Mama anapomfikisha kliniki, daktari anapaswa kuamua kama hicho ni kilio kilichochelewa au ni ugonjwa wa akili.

Wanaotaka ugonjwa utajwe mapema wana hoja nzito. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM, katika toleo la 1994 ulimzuia daktari kuandika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, ndani ya miezi miwili baada ya kifo, isipokuwa dalili ziwe kali mno. Toleo la 2013 liliondoa kizuizi hicho, kwa sababu sonona inayozuka baada ya kufiwa huumiza na kuua sawa na ile inayozuka baada ya talaka au kupoteza kazi, na haikuwa haki mfiwa anyimwe matibabu kwa kuwa tu chanzo cha huzuni yake kinajulikana. Nami naikubali hoja hiyo, maana nasi tunao wazee wanaosema "mwacheni, atazoea" hadi mtoto anaacha kula.

Hata hivyo, vigezo hivyohivyo vinakiri kwamba kwa kijana hasira inaweza kushika nafasi ya huzuni, na hasira ndiyo lugha ya kwanza ya mvulana ambaye msibani aliambiwa asilie kwa kuwa sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Ukihesabu dalili bila kuuliza kilichotokea, utaupata ugonjwa karibu kila mara. Marekani kwenyewe, kati ya 1994 na 2003, idadi ya mahudhurio ya vijana kwa madaktari yaliyoandikwa baipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ilipanda takriban mara 40, ongezeko lililowatia shaka wataalamu wengi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linataka ipite angalau miezi sita, tena majonzi yavuke mila na desturi za jamii husika, kabla msiba wenyewe haujaitwa maradhi.

Kwangu mimi, uzito uko katika maswali ambayo kliniki yenye foleni ndefu huyaruka. Alikuwaje kabla ya msiba? Na usiku asiolala, asubuhi yake anakuwaje? Mwenye wazimu wa furaha wa baipola hulala saa chache akaamka na nguvu, maneno yakimtoka mbio na mipango mikubwa ikimjaa kichwani. Kijana wetu asubuhi anasinzia juu ya dawati. Mama akiulizwa taratibu, anakumbuka kwamba mwanawe hulala vizuri wakati wa mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, na hukesha wakati wa giza, mitumbwi inapotoka na taa zake kuonekana hadi mlangoni kwao. Anakesha amejifunika koti la mvua la baba yake, akizitazama taa hizo hadi zinaporudi. Kwenye faili mabadiliko hayo yangesomeka kama hisia zinazopanda na kushuka zenyewe, kumbe yanafuata mwezi na kazi iliyomchukua baba.

Kuchelewesha jina la ugonjwa si kuchelewesha huduma. Kijana anayetamka kwamba anataka kumfuata marehemu, anayesikia sauti zikimwamuru, au aliyeacha kula hangoji miezi sita wala wiki moja. Atibiwe siku hiyohiyo. Asiye na dalili hizo asipewe diazepam, dawa ya kutuliza, ili alale, kwani Shirika la Afya Duniani tangu 2013 linashauri mfiwa asiye na ugonjwa wa akili asipewe dawa za kundi hilo, awe mkubwa au mtoto. Mwalimu naye aelezwe kabla hajashika kiboko. Mama apewe daftari, aandike kila usiku mwanawe amelala saa ngapi na kama mitumbwi ilitoka, kisha warudi kliniki vipindi viwili vya giza la mwezi vikishapita, wakati ambapo miezi sita tangu kifo itakuwa imetimia na daktari atakuwa na kitu cha kusoma.