Spotify Ilipofika Chuga: Jina la Nani Limeandikwa kwenye Wimbo?

Ukishuka kwenye kifodi, yaani daladala, pale Kilombero, Arusha, kabla hujafika kwenye mitumba, utakuta kibanda cha kijana anayeingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kompyuta yake ameivisha nailoni kwa sababu ya vumbi. Jumamosi moja nilikuwa nimesimama hapo dereva mmoja alipomletea flashi. "Futa zote, niwekee za Chuga tupu," alisema, yaani za Arusha. Kijana akafungua folda iliyoandikwa CHUGA OLD, ndani yake mafaili zaidi ya mia mbili. Moja linaitwa "Track 07". Jingine linaitwa "Ngarenaro FINAL 2". Jingine limebeba anwani ya tovuti iliyoliweka bure mtandaoni, na jina la msanii halimo kabisa. Dereva akalipa, akachomeka flashi, na gari likaondoka kuelekea Sakina likiwa linapiga muziki ambao hata aliyeuuza hajui ni wa nani.

Nimeanza na kibanda hicho kwa sababu tangu huduma kubwa za kusikiliza muziki mtandaoni zilipoanza kuingia nchini, mabishano yetu yamekuwa ya aina moja: wimbo ukisikilizwa mara moja unalipa senti ngapi? Swali lina haki yake, nami nitalifikia. Ila naona kuna jambo kubwa zaidi linalotupita, na linahusu yale mafaili yasiyo na majina.

Februari 2021 Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni iliyoanzishwa Sweden mwaka 2006, ilitangaza kuingia katika nchi zaidi ya 80 kwa mpigo mmoja. Tanzania ilikuwamo, pamoja na majirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda, na wakubwa wa Afrika Magharibi, Nigeria na Ghana. Mwezi uliofuata Kiswahili kikaongezwa kwenye lugha za programu yake. Haikutukuta tumekaa bure. Boomplay, huduma nyingine ya aina hiyo, ilikuwapo tangu 2015, na wengi waliipata tayari imewekwa ndani ya simu zao za Tecno. Mdundo ya Nairobi ilikuwa inagawa nyimbo za kupakua kwa simu ya kawaida. Diamond Platnumz naye alishajaribu soko lake mwenyewe, Wasafi.com, mwaka 2017. Na YouTube ilikuwa, na bado ni, redio ya kila kijana mwenye bando.

Wanaoshangilia ujio huu wana hoja nzito. Arusha ni mji uliozaa hip hop yenye sauti yake. Kundi la X Plastaz lilichanganya kughani kwa Kimaasai na kufoka tangu miaka ya 1990, Nako 2 Nako wakaipa kata ya Ngarenaro heshima, kisha Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na Lord Eyez wakaunda kundi la Weusi. Lakini kwa muda mrefu njia ya kutoka hapa kwenda kwa msikilizaji ilipita Dar es Salaam: wasambazaji wa kanda wa Kariakoo, vituo vya redio vya Dar, na mtangazaji ambaye ni lazima umjue mtu anayemjua. Chalii wa mtaa wa Unga Limited asiye na nauli ya basi hakuwa na mlango. Leo anaweza kurekodi Jumatatu na wiki inayofuata wimbo wake ukawa unasikika Nairobi, Muscat na Minneapolis kwa wakati mmoja, bila kumpigia mtu yeyote magoti.

Tena huduma hizi zinampa msanii kitu ambacho kanda haikuwahi kumpa: anaona miji ya wasikilizaji wake. Kijana mmoja ninayemfahamu alikuwa anajipanga kwenda kutafuta shoo Mwanza. Alipofungua ukurasa wake akakuta wasikilizaji wake wengi wako Nairobi na Nakuru. Kutoka Arusha, Nairobi ni safari ya nusu siku tu kupitia Namanga. Akabadilisha mpango. Taarifa ya namna hiyo wazee wetu wa bendi waliipata kwa kuzunguka mikoa na gari bovu.

Na wapo waliofika mbali. Kwa hesabu ambazo Spotify yenyewe ilizitoa kuhusu mwaka 2024, wasanii wa Nigeria waliingiza zaidi ya naira bilioni 58 na wa Afrika Kusini karibu randi milioni 400 kupitia huduma hiyo pekee. Anayesema mtandao haumlipi Mwafrika azitazame kwanza hizo.

Upande wa pili una hesabu zake pia, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu kidogo, maana wengi wanalalamika bila kujua wanachokilalamikia. Hakuna bei maalumu ya wimbo kusikilizwa mara moja. Fedha za wateja na za matangazo zinaingia kwenye chungu kimoja, kampuni inachukua karibu theluthi, na theluthi mbili hivi zinagawiwa wenye haki kulingana na sehemu ya kila mmoja katika usikilizaji wote.

Tuchukue wateja wawili tu, kila mmoja analipa shilingi 5,000. Kiasi hicho nimekitaja ili hesabu iwe rahisi. Wa kwanza ni mwalimu wa Moshi, mwezi mzima amesikiliza nyimbo za msanii mmoja wa Njoro, mara 50. Wa pili ni kijana ambaye simu yake haizimwi, amepiga nyimbo za nyota wa dunia mara 1,950. Chungu kina 10,000. Baada ya mkato wa kampuni zinabaki kama 6,600. Msanii wa Njoro ana mara 50 kati ya 2,000, kwa hiyo anapata shilingi 165. Ingekuwa fedha ya mwalimu inamfuata msanii aliyesikilizwa na mwalimu, angepata 3,300. Mwalimu anaamini anamchangia kijana wa mtaani kwao, kumbe sehemu kubwa ya elfu tano yake imekwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumsikiliza hata mara moja. Njia ya pili inawezekana. SoundCloud, huduma nyingine ya muziki mtandaoni, walianza kuitumia kwa baadhi ya wasanii mwaka 2021. Haitamtajirisha kila msanii mdogo, hilo nalikubali. Lakini kwa soko kama letu, ambako mtu hupenda wa kwao kwa dhati, naiona ni ya haki zaidi.

Kuna pia sheria iliyoanza kutumika Spotify mwaka 2024: wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kwenye mgao. Kampuni ilieleza kwamba vijisenti vya nyimbo hizo vilikuwa haviwafikii wasanii hata hivyo, vinaliwa na makato na viwango vya chini vya kutoa fedha, na kwamba kanuni hiyo inawabana wadanganyifu. Maelezo hayo yana ukweli. Sasa fikiria kwaya ya usharika mmoja mteremkoni kule Marangu yenye nyimbo nane, kila mmoja umesikilizwa mara 600. Jumla ni mara 4,800, mgao sifuri. Waumini wale wale walikuwa wananunua CD mlangoni baada ya ibada, na fedha zikaenda kwenye sare na kinanda. Kwa kwaya hiyo, "maendeleo" yameondoa kipato bila kuweka kingine.

Suala la bando nalipita haraka kwa sababu kila mtu analijua, ila nitoe hesabu moja. Muziki wa ubora mzuri mtandaoni unakula takriban MB 72 kwa saa. Kifodi kinachotembea kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku kingetumia zaidi ya GB moja kila siku. Dereva wa Sakina hawezi kuacha flashi yake, na anayemwita mwizi aikumbuke hesabu hiyo. Isitoshe, hata akilipia, masharti ya huduma hizi ni ya matumizi binafsi. Kupigia abiria au wateja wa baa ni jambo la leseni nyingine.

Sasa nirudi kwenye majina.

Spotify haipokei wimbo mkononi mwa msanii moja kwa moja. Unapitia kampuni ya usambazaji wa mtandaoni, na kampuni hiyo inakupa fomu: jina la msanii, mtunzi wa mashairi, aliyetengeneza biti, mmiliki wa rekodi, na mara nyingi kila mmoja asilimia ngapi. Fedha zote zitakazokuja, ziwe 165 au milioni, zitafuata fomu hiyo. Mara ya kwanza katika historia ya muziki wa mji huu kuna karatasi inayomlazimisha mtu kuandika nani alifanya nini. Kwangu mimi hilo ndilo jambo jema kuliko yote yaliyoletwa na ujio huu, na ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu anayejaza fomu kwanza ndiye anayeaminiwa.

Nimekaa kwenye sebule moja Kaloleni nikiwasikiliza watu wawili waliokua pamoja wakigombania wimbo wa miaka ya 2000. Mmoja alifoka, mwingine alitengeneza biti. Wakati ule hawakuandikiana chochote. Studio ilikuwa chumba cha nyumbani kwao prodyuza, malipo yalikuwa chipsi na nauli. Wimbo ukapendwa, ukazeeka, ukaishia kwenye folda kama ile ya Kilombero. Kisha mtu wa tatu, aliyekuwa na nakala tu, akaupandisha mtandaoni kwa jina lake. Kuuondoa kunahitaji uthibitisho, na uthibitisho wao ni kumbukumbu za watu na kaseti moja iliyoliwa na unyevu. "Mtaa mzima unajua ni wangu," alisema aliyefoka. Ni kweli, mtaa unajua. Fomu haiujui mtaa.

Tofauti yake ni X Plastaz, ambao albamu yao ya 2004 ilitolewa na lebo ya Ujerumani, Out Here Records. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu muziki wa Chuga kutunzwa Ulaya, na mimi yananichoma. Lakini mwenye rekodi anajulikana, ana anwani, na anayetaka kuutumia muziki ule anajua pa kugonga.

Wanaosema Serikali haijafanya kitu hawatendi haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, inasajili kazi, na marekebisho ya 2022 yalifungua njia kwa vyama vya wasanii wenyewe kukusanya mirabaha. Hakimiliki huwa yako tangu unapoitunga kazi, hata bila usajili. Usajili ni ushahidi siku mkigombana. Ila msanii wa huku kaskazini anauona usajili kama jambo la Dar, la wenye majina, na sijaona juhudi ya kutosha ya kumfuata aliko, kwenye studio za Sombetini na Majengo ya Moshi, tena kabla wimbo haujatoka.

Malipo nayo yana fundo lake. Kampuni nyingi za usambazaji hulipa kwa dola kupitia akaunti za nje au benki, na hazikulipi mpaka kiasi fulani kitimie. Kijana anayeishi kwa M-Pesa anaomba akaunti ya rafiki, na hapo jina jingine linaingia katikati ya wimbo na fedha yake. Kampuni inayojivunia kuwa imefika Tanzania ingepaswa kufika mpaka kwenye namba ya simu ya msanii. Mtandao wa kutuma pesa upo, unafanya kazi mpaka kijiji cha mwisho cha Longido.

Nikipima yote, niko upande wa wanaoukaribisha ujio huu, bila kuukubalia mgao wake. Chungu kimoja kipingwe, na ukomo wa mara 1,000 ujadiliwe upya kwa nchi zilizoingia juzi. Lakini mgao wa haki nao utalipwa kwa jina lililo kwenye fomu.

Juzi nilipita tena Kilombero. Nilimwomba kijana wa kibanda anifungulie "Track 07". Ni sauti ya mtu anayeitaja mitaa ya Ngarenaro mmoja mmoja, biti ya kinanda kilichochoka, kwa nyuma jogoo anawika kwa sababu chumba hakikuwa na ukuta wa kuzuia sauti. Nilimuuliza kijana ni wa nani. Akamwita muuza machungwa wa jirani, naye akasikiliza nusu dakika, akataja jina, na mtaa, na shule aliyosoma. Nikamwomba kalamu.