Mi ni mpishi, sio kuku

Jamani mi mtu wa Singida, bahari nimeijua ukubwani, nimekuja Paje, Zanzibar, kupika chapati na pweza wa nazi kwenye kagesti kamoja hapa ufukweni, sikuja kusoma lugha. Ila hawa watu wa kaiti na mabodi, wanaosimama kwenye ubao juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa au kubebwa na wimbi, loh.

Siku ya kwanza tu mgeni kaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu kwa kingereza changu cha kuunga unga, "aimu kuku". Meza nzima ikaanguka kicheko. Kumbe kwao "kook" ni yule mshamba wa mawimbi, bodi kaishika kinyumenyume, anawaingilia wenzie njia, hajui kitu na bado anajifanya fundi. Na kwa matamshi yangu ya bara, "cook" yaani mpishi kwa kizungu, mshamba wa mawimbi na kuku wa kufuga wote wanatoka mdomo mmoja. Sasa ufukwe mzima naitwa Kuku. Mtoto wa Singida kuitwa Kuku, nyumbani wakisikia si nimekwisha?

Mwingine kanisukuma mgongoni nimebeba sinia la chai ya moto, nikayumba nikatanguliza mguu wa kulia, akapiga makofi, "gufi! we gufi!" Nilitaka nimrudishie na mwiko. Eti gufi ni mtu anayesimama kwenye bodi mguu wa kulia mbele, wa kushoto mbele ndo regula, na ukitaka kumjua mtu unamsukuma ghafla bila kumwambia. Sawa bwana, ila na chai?

Vijana wetu wanaofundisha kaiti ndo wamezidisha. Julai hii kusi linavuma, dogo mmoja kapita jikoni anacheka, "bro leo noti ishirini!" Mi mshahara wa mwezi uliopita bado nadai, nikavua aproni nikamfuata mbio niulize noti zinagawiwa wapi. Ni spidi ya upepo. Jioni yake huyohuyo anasema, "nilianza na kumi na mbili nikazidiwa, ikabidi nirudi nichukue saba". Kwetu mtu akizidiwa anatafutiwa gari ya hospitali, nikamkimbizia maji na kiti, kumbe anaongelea ukubwa wa kaiti kwa mita za mraba, upepo ukiwa mkali unachukua ndogo. Maji yenyewe kayanywa, ahsante hakuna.

Na kuna mmoja wa Hawaii alituambia huko kwao wazee wanapima wimbi kwa mgongoni, yaani upande wake wa nyuma ambao ni mfupi, sio usoni, kwaiyo wakikwambia futi tatu jua lile limekupita kichwa. Wavuvi wa hapa changu akisimuliwa mara ya tatu keshakuwa papa, hawa wenzetu wanapunguza! Sijui nani mkweli.

Aliyenifurahisha ni bibi mmoja anayelima mwani, yupo kwenye vigingi vyake tangu 1989, kaiti hazijaonekana hapa hata moja. Wageni wamemaliza kujaza kaiti zao upepo, wamejipaka mafuta meupe usoni kama mwali, wanaangalia simu zao. Bibi kapita na gunia lake kasema neno moja, "bamvua". Hakuna aliyeelewa hata na mimi nilimuuliza mara mbili. Baada ya muda maji yametoka mpaka kule karibu na mwamba, wageni wamebaki kwenye mchanga na kaiti zao wanatembea kama wamepotelewa na ufunguo. Kumbe bamvua ndo hiyo, mwezi mpevu, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Na bibi wala hakucheka, aliinama akaendelea kufunga kamba.

Shida sasa lugha imeniingia. Chapati ikichanika nasema waipauti, yaani mtu kaanguka na wimbi likampitia juu. Jana pilau limeshika chini nyumba nzima inanuka, bosi kaja anakunja uso, nikamwambia kwa upole, "bosi, ni waipauti tu". Kanikata kilo nne za mchele kwenye mshahara. Ule ambao bado nadai.