Nyumbani Hakuna Aliyetuuliza Tunataka Nini

Mwanangu wa kwanza alijifunza kusoma bei kwenye katalogi ya maduka ya Argos, kitabu cha picha za bidhaa na bei zake. Waliokuwa Uingereza miaka hiyo wanaikumbuka: dude zito la kurasa zaidi ya 1,000, lilitoka mara mbili kwa mwaka na ulilichukua dukani bure. Novemba mwaka 2008, akiwa na miaka sita, nilirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee nikamkuta amelala kifudifudi kwenye zulia, peni mkononi, anazungushia duara kila kitu anachokitaka kwa Krismasi. Nikahesabu. Vilikuwa 31. Kila duara alikuwa ameliandikia jina lake pembeni, asije akapewa mtu mwingine.

Nilikasirika, na hasira ile haikuwa ya pesa peke yake. Mimi nimezaliwa Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kwetu mtoto hasemi anataka nini. Anapewa.

Desemba kwetu inajulikana. Mabasi kutoka Dar yanajaa, nauli zinapanda, baba wadogo na shangazi wanarudi kijijini, migomba inafyekewa njia, nyumba inanuka rangi mpya na kahawa. Wiki mbili kabla ya sikukuu baba alituita mmoja mmoja, akachukua kijiti, akakiweka chini ya unyayo, akakivunja pale kisigino kinapoishia. Kisha akaongeza nafasi ya vidole viwili kwa sababu miguu inakua. Vijiti vyetu vinne alivifunga kwa uzi, akavitia mfuko wa koti, akashuka navyo Moshi mjini. Hivyo ndivyo tulivyonunuliwa viatu. Magauni yalitoka kwenye kitambaa kimoja, watoto wa kike wote watatu, rangi moja, marinda yaleyale, kola ileile, na upindo mrefu wa kushushwa mwaka unaofuata. Ukienda kanisani kila mtu anajua nyie ni wa nyumba gani.

Nilizipenda zile nguo. Nazikumbuka zilivyonukia kitambaa kipya. Lakini miaka yote ile nilitaka gauni la njano, na sikuwahi kulitamka, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Watu wetu wengi huku wakizungumzia Krismasi ya ughaibuni husema jambo moja: watoto wa huku wamedekezwa, katalogi zimewaharibu, sisi tulilelewa vizuri zaidi. Na mimi nilisema hivyo miaka mingi. Sikubaliani nalo tena.

Kwanza, katalogi haikuzaliwa kwa ajili ya kudekeza mtu. Kule Marekani, Aaron Montgomery Ward alianza Chicago mwaka 1872 na karatasi moja tu ya bei, akiwalenga wakulima waliokuwa mbali na maduka na waliochoshwa na bei za duka moja la kijijini. Bei iliandikwa, na ilikuwa ileile kwa kila mtu. Mwaka 1913 posta ya nchi ile ilianza kubeba vifurushi vikubwa hadi mashambani, na mwaka 1933 kampuni nyingine ya katalogi, Sears, ikatoa katalogi yake maalumu ya Krismasi. Mtoto wa shambani aliona mwanasesere yuleyule aliyeonwa na mtoto wa mjini. Mkulima wa Kibosho angeifurahia sana biashara ya namna hiyo. Kilichokosekana kwetu ni anwani. Barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la parokia, zikasomwa majina baada ya misa ya Jumapili. Nani angekuletea kifurushi mlangoni wakati mlango wenyewe hauna namba?

Na hapa Uingereza nimejifunza kitu kilichonishangaza zaidi. Zamani wafanyakazi wa viwandani walinunua vitu vya katalogi kwa vikundi: tuseme watu 20, shilingi moja kila mmoja kwa wiki, kwa wiki 20, na kila wiki mmoja anapata zamu yake kwa kura. Huo ni mchezo! Ni upatu uleule ambao mama yangu na wenzake waliucheza baada ya jumuiya, wakanunulia sufuria na sare za shule.

Kilichofuata baadaye ndicho kibaya. Vikundi vikafa, ikabaki kampuni na mteja mmoja mmoja, na hapo sipunguzi neno. Mwaka 2006, sijazoea maisha ya huku, nilimchukulia mwanangu baiskeli kwenye katalogi moja ya kulipa kidogokidogo kila wiki. Pauni chache tu, ndivyo ilivyoandikwa kwa herufi kubwa. Nilipomaliza kulipa, baiskeli ilikuwa imenigharimu karibu mara moja na nusu ya bei ya dukani, na mtoto alishakua, haimtoshi tena. Kwenye mchezo wa mama yangu ukichelewa, mwenzako anakuja kukuuliza kama mnaumwa. Kule nilitumiwa barua ya faini.

Lakini nirudi kwenye zile duara 31. Sikuitupa katalogi. Nilikaa naye chini, na zulia lilikuwa baridi, nikamwambia mwaka huu utapata kimoja, na kimoja kingine utamchagulia binamu yako wa Kibosho. Tukafuta pamoja. Ilituchukua siku tatu. Alilia kidogo kwa ajili ya garimoshi. Ila tulipofika kwenye zawadi ya binamu alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mama, yeye anapenda nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa namtumia mtoto yule pesa na nguo tangu azaliwe, na sikuwa najua anapenda nini.

Desemba ya 2009 tulipokwenda nyumbani, nilibeba katalogi ya mwaka uliopita kwenye begi, zaidi ya kilo moja kati ya zile zilizoruhusiwa. Watoto wa ukoo waliilalia sebuleni kwa bibi kama nyuki. Mmoja aliniuliza kile kigari kinauzwa wapi Moshi, na nikakosa pa kuangalia. Hilo nalijutia, maana picha ya kitu usichoweza kukipata nayo inauma. Lakini mpwa wangu mwingine, wa miaka tisa, alipita kwenye vitu vya kuchezea bila kusimama, akafika kwenye nguo, akaweka kidole juu ya gauni moja lenye mifuko miwili mbele. Bibi yake akachana ule ukurasa, akaukunja, akampelekea fundi cherehani aliyekaa barazani karibu na soko. Fundi aliutazama, akamtazama mtoto, akatoa futi yake. Siku tatu baadaye gauni lilikuwa tayari, na mifuko yake ilikuwa mirefu kuliko ya kwenye picha kwa sababu mtoto alisema anataka kuwekea karanga.

Sijapata kuona zawadi bora kuliko ile, huku wala kule.

Argos iliacha kuchapa katalogi yake kubwa mwaka 2020. Mwanangu wa mwisho anachagua kwenye simu, na simu haina ukurasa wa mwisho. Akimaliza kutazama kimoja inamsogezea kingine. Naichukia ile. Nyumbani nako mambo yamebadilika: wafanyabiashara wa Kariakoo wanatuma picha kwa WhatsApp, unalipa kwa simu, mzigo unapandishwa basi na kesho unaupokea stendi ya Moshi. Hata bila namba ya mlango, mzigo unafika.

Mwezi uliopita nilimpigia binti wa mdogo wangu nikamuuliza anataka nini sikukuu hii. Akasema, "Chochote tu, mama mkubwa." Hilo ndilo jibu letu, hata mimi ningejibu hivyo. Nikamwambia, hapana, mwanangu, nakuuliza wewe. Nikasubiri. Kuku walilia huko nyuma, mtu akapita na redio. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba anataka viatu vyekundu, vya kufunga kamba, na visiwe vikubwa.

Nikamwambia ampe mama yake simu, atafute kijiti, na safari hii asiongeze vidole.